Mnataka Dar iwe Dubai? Dubai ipi?

Haya jamani, nimerudi! Najua nimekaa kimya muda mrefu. Si kwa ubaya, ni maboksi tu, nayo hayajibebi. Leo nimeacha kulala baada ya kazi ili niandike, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na nisipolitoa litaniletea vidonda vya tumbo bure.

Chanzo ni mjomba. Mjomba, shikamoo, na naomba radhi kabla sijaanza, lakini ulichoandika kwenye kundi la familia siwezi kukiacha kipite. Ulichukua picha niliyowatumia ya barabara ya mtaani kwangu, ile yenye maghorofa mapya na miti iliyopangwa mstari, ukaisambaza na maneno haya: "Tazameni mwenzenu anapokaa. Hakuna machinga, hakuna mama ntilie, hakuna moshi wa mishkaki. Hivi ndivyo Dar inavyotakiwa iwe. Waondolewe wote." Watu wakakuwekea madole juu. Dada yangu hakuandika kitu. Wote mnajua meza yake ya vitumbua na supu ndiyo iliyonilipia mimi ada ya sekondari. Yeye kanyamaza, basi mimi ndiyo nasema.

Picha nilipiga mimi, kwa hiyo niacheni mpiga picha niwaeleze ambacho hakikuonekana.

Mtaa wenyewe unaitwa Jumeirah Village Circle, sisi wakazi tunasema JVC. Ukisikia Jumeirah unafikiria bahari, si ndiyo? Jumeirah yenyewe kweli iko ufukweni. Mimi niko bara kabisa, katikati ya Al Khail Road na Sheikh Mohammed bin Zayed Road, na kelele ninayosikia usiku si mawimbi, ni magari. Ni kama mtu ajenge nyumba Kimara Mwisho halafu aziite Masaki Gardens. Hata hicho "kijiji" kina hadithi yake. Mradi ulipotangazwa na kampuni ya Nakheel katikati ya miaka ya 2000, ulipangwa uwe zaidi wa nyumba za chini zenye bustani, mtaa wa duara wa familia tulivu. Ukaja msukosuko wa fedha wa 2008. Novemba 2009 Dubai World, iliyokuwa inaimiliki Nakheel, ikaomba isimamishe kulipa madeni yake, na viwanja vingi vikabaki mchanga kwa miaka. Pesa ziliporudi, zilirudi na maghorofa. Leo kijiji ni minara juu ya minara, na mashine za ujenzi ndiyo jogoo wetu wa asubuhi.

Nisiwe mwongo, mtaa una mazuri yake. Una bustani nyingi ndogo ndogo za watoto. Unaweza kurudi saa nane usiku na begi lako mgongoni bila kugeuka nyuma. Tangu 2021 tuna Circle Mall, ukitaka kununua mchele, dawa au viatu vya mtoto. Chini ya maghorofa kuna mikahawa ya Walebanoni, Wahindi, Wafilipino, Wakorea, na mwenye pesa ya kuchezea anaenda hoteli ya FIVE kucheza muziki pembeni ya bwawa. Halafu kuna kitu kimoja nakipenda kweli, bakala. Bakala ni kiduka kidogo cha chini ya jengo, sawasawa na duka la Mangi. Unapiga simu, kijana anakuletea maji na mkate kwa baiskeli, na akikuzoea anakuandika kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Mjomba, ona hilo: kitu pekee kinachonifanya nijisikie niko mtaani ni kile kinachofanana na Tandika!

Sasa tatizo. Kila kitu kipo, lakini kati ya kitu na kitu hakuna mtaa. Siku moja ya mapumziko mwezi wa saba nilisema leo natembea mpaka Circle Mall, dakika 20 tu, mimi si mtoto wa mama. Njia ya miguu ikaenda vizuri mpaka kwenye uzio wa jengo jipya, ikakatika pale pale kama imemezwa. Ng'ambo kuna njia nyingine, lakini kivuko hakuna, na ukivuka pasipo kivuko faini yake ni dirham 400. Dirham moja ni kama shilingi 650 mpaka 700, pigeni hesabu wenyewe. Nikazunguka. Jua la nyuzi zaidi ya 40, kivuli cha kubabaisha, na njia nzima nilikutana na binadamu wawili, wote walinzi. Hakuna wa kumuuliza njia, hakuna wa kumwambia habari za leo, hakuna anayeuza maji ya baridi. Nilipofika nilikuwa kama nguo iliyotolewa kwenye maji.

Treni ya metro haifiki kwetu. Unapanda basi kwanza mpaka stesheni, kilomita kadhaa. Kwa hiyo mwenye gari anaendesha, na asiye na gari anabonyeza simu aletewe. Mtaani kwetu chakula ndicho kinachotembea, watu wamekaa.

Na hapa, mjomba, ndipo picha ilipokudanganya. Hao mama ntilie usiowaona, wapo. Wamewekwa kwenye majiko ya kupika kwa oda tu, yasiyo na meza wala kiti, hutawaona hata ukipita mlangoni. Machinga nao wapo. Wamepewa pikipiki na sanduku mgongoni. Ni vijana wa Pakistani, Nepali, Uganda, Kenya, wanakimbizana na dakika katika joto lile lile nililoshindwa mimi dakika 20. Serikali yenyewe imeliona hilo, mamlaka ya usafiri imejenga vituo 40 vyenye kiyoyozi ili wapumzike kidogo, na kwa hilo nawapongeza. Lakini tusiseme hawapo. Mji hauwezi kula bila watu wa kupika na kubeba. Unachoweza ni kuwaficha tu.

Na kuwaficha kuna bei. Dada yangu sufuria ni lake. Meza ni yake, wateja anawajua kwa majina, anajua nani anakopesheka na nani ni msanii. Akiamka na homa anafunga, akiwa na mtaji anaongeza chapati. Kijana anayeniletea chakula mimi hana sufuria wala mteja. Mteja ni wa programu ya kwenye simu. Mimi mwenyewe simjui jina, naona tu kidoti kinasogea kwenye ramani, kisha naandika "weka mlangoni". Aibu yangu hiyo, naikubali. Nimekaa hapa miaka mitatu na jirani wa mlango wa pili namjua kwa viatu vyake.

Basi ngoja niwaulize, siku yangu ya mapumziko nikiwa na hamu ya kula vizuri, kununua zawadi zenu na kuchangamka kidogo, mnadhani nabaki hapo kwenye picha? Wala! Napanda basi na metro naenda Dubai nyingine, ile msiyoiomba kwenye picha.

Naenda Satwa. Pale kuna mafundi cherehani wamepangana, wauza vitambaa, mafundi viti vya magari, na mgahawa wa Kipakistani unaoitwa Ravi, ulioanza 1978. Meza za kawaida, viti nje usiku, kuku karai, mkate wa moto, unatoka umeshiba na pesa imebaki. Mwaka 2022 kampuni ya viatu ya Adidas ilitengeneza raba ya heshima ya mgahawa huo. Haikwenda kwenye jumba la kioo, ilikwenda kwa muuza karai wa mtaani.

Naenda Karama, kula dosa na kununua mabegi yanayowaliza mashemeji. Halafu naenda Bur Dubai, napanda abra, boti la mbao la kuvuka khori, nauli dirham 1 tu. Hiyo kwangu ndiyo starehe kubwa kuliko zote Dubai: upepo, harufu ya dizeli na maji ya chumvi, Wahindi, Wahabeshi, Wafilipino mmekaa mmebanana kama kwenye pantoni ya Kigamboni. Unashuka Deira, na hapo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa. Al Ras na harufu ya iliki na mdalasini, Naif na maduka ya jumla, soko la dhahabu, ofisi za mizigo ya Dar, Mombasa na Kampala, injera ya Wahabeshi, wali wa Kisomali na ndizi yake pembeni. Watu wamekaa kwenye ngazi na kikombe cha chai ya karak wanabishana. Mara ya kwanza nilipomsikia mtu ananiita "ndugu yangu, karibu" kwa Kiswahili pale Deira, nilijikuta nimesimama kama mjinga, machozi yananilenga.

Sisemi Deira ni peponi. Wenzetu wengi wanakaa chumba kimoja kilichogatwa kwa mbao, kitanda juu ya kitanda, na Juni 2025 manispaa ilianza operesheni ya kuvunja vyumba hivyo, Al Rigga na Satwa zikiwemo. Kuna uchafu, kuna msongamano. Lakini nikitaka kuwa mtu miongoni mwa watu, ni huko naenda, sibaki kwenye duara langu. Na si mimi tu. Watalii wanaotoka Ulaya wakishapiga picha na Burj Khalifa, na wao huwakuta wamejazana kwenye abra.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nadhani hata mjomba halijui. Dubai nayo iliwahi kutaka kufanya hicho hicho mnachokitaka ninyi. Mtaa wa kale wa Bastakiya, pale kando ya khori, nusu yake ulivunjwa miaka ya 1980, na nusu iliyobaki ikapangiwa kubomolewa mwaka 1989. Msanifu majengo mmoja Mwingereza, Rayner Otter, akapiga kelele mpaka akamwandikia mwana wa mfalme wa Uingereza wa wakati huo, Charles, naye alipotembelea Dubai akaomba mtaa usivunjwe. Ukabaki. Leo unaitwa mtaa wa kihistoria wa Al Fahidi na kila mgeni anapelekwa pale aone "Dubai halisi". Satwa nayo: mwaka 2008 nyumba zilianza kubomolewa kupisha mradi mkubwa wa Jumeirah Garden City, uliotangazwa kwa thamani ya dola bilioni 95. Msukosuko ule ule ulioacha mchanga JVC ndio ulioiokoa Satwa iliyobaki. Yaani mitaa ninayoipenda ipo leo kwa bahati tu, mmoja kwa barua na mwingine kwa kukosekana pesa.

Na je, Dubai ya leo inataka nini? Desemba 2024 Sheikh Mohammed bin Rashid alitangaza mpango unaoitwa Dubai Walk, kwa lugha yetu Dubai Tembea. Njia za miguu kilomita 6,500 kwa jumla, mpya na za kukarabatiwa, nyingi ziwe tayari ifikapo 2040, na madaraja na vivuko vya chini ya barabara 110. Lengo ni safari za miguu na baiskeli zipande kutoka asilimia 13 mpaka 25. Na wanaanzia wapi? Mahali pamoja kati ya pa mwanzo kabisa ni Al Ras, Deira! Februari 2025 wakatangaza mpango mwingine wa kupunguza magari mitaani, na Al Fahidi na Karama zimo kwenye orodha. Kwa hiyo mwenye mji ameshaona kosa, anatumia pesa nyingi kununua tena kitu ambacho sisi tunacho bure: watu wanaotembea, wanaonunua karibu, wanaojuana. Halafu sisi ndiyo tunataka tukitupe! Mwenzako anahangaika kuishona nguo, wewe unaichana yako ili mfanane?

Najua jibu lenu, mjomba, na haki yenu nawapa. Mtasema Kariakoo ilikuwa haipitiki, njia ya miguu imegeuka duka, mama mwenye mtoto mgongoni anatembea kati ya daladala. Kweli. Mwenye kiti cha magurudumu ndiyo usiseme. Mtasema maji machafu, takataka, moto. Kweli tupu, tumeona Kariakoo ikiungua Julai 2021 na Karume Januari 2022. Sitetei uchafu na sitetei kuziba barabara. Lakini tazameni dawa iliyotumika. Machinga Complex pale Ilala lilikamilika 2010, jengo zuri, vizimba tele, likadorora miaka na miaka kwa sababu mteja hapiti pale. Machinga hakimbilii barabarani kwa ukaidi, anakwenda anakopita mguu wa mtu. Oktoba 2021 wakaondolewa tena Dar nzima. Dada yangu alikuwemo. Alipelekwa mahali ambapo asubuhi wanapita mbuzi kuliko watu, vitumbua vikalala siku tatu, mtaji ukaisha, na mdogo wetu wa mwisho akakaa nyumbani muhula mzima. Mjomba, wewe mwenyewe ulichangia ile ada. Ulisahau?

Na dawa ipo, wala haiko Dubai, iko hapo ng'ambo ya maji. Forodhani, Zanzibar. Bustani ilikuwa imechoka, wauza urojo na mishkaki wamejipanga wanavyojua wenyewe. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaikarabati, ikafunguliwa tena Julai 2009. Wauzaji hawakufukuzwa! Walipangiwa sehemu, taa zikawekwa, usafi ukasimamiwa, na jua likizama wapo pale pale, wenyeji na wageni wanagombea zanzibar pizza. Hapo ndipo mtu anapopata chakula, manunuzi na starehe kwa mara moja, na anarudi nyumbani kwa miguu. Kama mnataka kuiga, igeni hapo.

Ombi langu kwa mnaotaka kuisafisha Dar ni dogo. Kabla hujamwondoa mama ntilie, mpe bomba la maji, choo, taa, pipa la takataka na mstari wa rangi chini unaoonyesha meza iishie wapi. Mtoze ada yake halali na umpe risiti. Baada ya hapo akizidi mstari, mpige faini, nitakuunga mkono mimi wa kwanza. Lakini ukimwondoa mama ntilie ili picha ipendeze, utapata picha ya mtaani kwangu: miti imepangwa mstari, na hakuna wa kukusalimia.

Nanyi mnaokuja huku kutembea, msiniambie "tupeleke Dubai ya kwenye picha" peke yake. Burj Khalifa nitawapeleka, mita 828, shingo zenu zipate mazoezi. Lakini jioni tutakwenda Satwa, tutavuka khori kwa abra, tutakula Deira kwa mikono. Kisha nitawalaza kwangu JVC na asubuhi mtaniambia wenyewe ni wapi mlipojisikia mko kwa watu.

Dada, hii nimekuandikia wewe kuliko wote. Usinyamaze tena kwenye kundi kwa ajili ya picha. Mimi hapa ughaibuni nakaa kwenye jengo lenye lifti nne, na kila asubuhi nikitoka kazini natamani ningekuta mtu mmoja tu pale chini, na karai lake, ananiambia "leo umechelewa, nimekuwekea viwili".

Mjomba, hasira zimeisha. Nikija mwezi wa kumi na mbili nitakuletea ile saa uliyoagiza, na supu tutakunywa mezani kwa dada. Naomba kuwakilisha.